Twende Mpala: makanisa na mahali pa kale kando ya Tanganika

Wanafunzi wetu wamezoea kusoma habari za makanisa makubwa ya Ulaya, nao wajua kutaja Roma, Chartres na Lourdes pasipo kukosa herufi. Lakini uwaulize Mpala iko wapi, wengi watatazamana. Wale wa Kalemie watakujibu, "Ni kule kusini, upande wa Moba," na neno limekwisha. Si kosa lao. Nani aliwahi kuwapeleka?

Basi leo twataka kuwachukua wasomaji wetu safari ya siku chache, tukifanya parokia moja ya kijijini kuwa kituo chetu. Parokia hiyo ni Mpala, na kutoka hapo tutawazungukia majirani zake: Mrumbi, Kirungu, Lusaka, na ng'ambo ya maji, Karema. Msomaji asidhani ya kwamba tunampeleka porini kutazama magofu yasiyo na habari. Seminari ya kwanza ya Kongo ya nyakati hizi ilifunguliwa Mpala. Padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi alitoka katika milima iliyo juu yake. (Twasema "wa nyakati hizi", kwani ufalme wa zamani wa Kongo, kule magharibi, ulikuwa na mapadri wake weusi karne nyingi kabla.) Tena huko huko yalitendwa mambo machungu ambayo vitabu vyetu vya shule viliyapita kimya kimya. Sisi twaona ya kwamba mgeni anayeonyeshwa kanisa la kale, asiambiwe habari njema na habari chungu pamoja, ameonyeshwa ukuta tu.

Njia ya kwenda

Kutoka Kalemie mpaka Mpala ni kama kilometa 100 ukifuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini. Kutoka Mpala mpaka bandari ya Moba zasalia kama 40. Wengi hupenda kwenda kwa maji. Ni njia nzuri, maana mlima na maji vyakaa pamoja muda wote wa safari, na kila ghuba ina kijiji chake cha wavuvi. Lakini yafaa kuchagua majira. Katika kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi ya Tanganika si mchezo. Mwezi wa Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilizama katika ziwa hili, na watu zaidi ya 100 wakafa. Baba wa jamaa asione haya kuteremka katika chombo kilichojazwa kupita kiasi, hata kama amekwisha lipa nauli. Kesho kutakuwa na chombo kingine.

Bonde la Lufuko

Mto Lufuko washuka kutoka milimani, na unapofika ziwani hufanya bonde lenye rutuba. Watabwa, wenyeji wa nchi hii, waliita mahali hapo Lubanda. Mpala lilikuwa jina la sultani wao. Neno hili dogo yafaa kulikumbuka: misioni yenye sifa kubwa yaitwa mpaka leo kwa jina la mtu mweusi aliyewapa wageni mahali pa kujenga.

Mwezi wa Mei 1883 alifika kwake afisa wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mfalme Leopold II alikianzisha mwaka 1876. Storms alikuwa mkuu wa kituo cha Karema, ng'ambo ya pili, naye alitaka kituo kingine upande wa magharibi. Sultani Mpala alimpokea, nao wakachanjiana damu kama ilivyokuwa desturi ya watu wanaofanya undugu. Kisha Storms akajenga boma juu ya bonde, akaweka askari wake, Waungwana na rugaruga waliotoka ng'ambo.

Kule milimani, mbali kidogo na ziwa, alikuwako mkubwa mwingine, jina lake Lusinga. Hatutaki kumpamba. Lusinga aliteka watu na kuwauza, akapata bunduki na baruti, na vijiji vingi vilimwogopa. Storms naye alitaka watu wote wa nchi hiyo wamtambue yeye kuwa mkubwa. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walipanda milimani, wakamwendea Lusinga kwa hila, wakamwua, wakamkata kichwa, wakateka watu wake. Kichwa kililetwa kwa Storms bondeni. Aliporudi Ulaya mwaka uliofuata alichukua fuvu hilo, akachukua pia sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, iliyotekwa siku ile ile.

Sanamu hiyo yajulikana duniani kote na wenye elimu ya sanaa za Afrika, nayo ni mali ya jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Fuvu lenyewe lilipimwa na wataalamu, likaandikwa katika vitabu vyao, kisha likawekwa miaka mingi pamoja na mafuvu mengine katika nyumba za elimu za mji ule. Wajukuu walikuwa wakisimulia habari hii jioni kando ya moto, huku Ulaya ikiwa imeisahau. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji liliifufua, na watu wengi wakaanza kuuliza: mbona mtu huyu hajarudishwa kwao? Mwaka 2022 sanamu ya Storms, iliyokuwa imesimama katika uwanja mmoja wa Ixelles, iliondolewa.

Mwalimu mmoja aweza kutuambia, "Mambo haya ya nini katika gazeti la jamaa za Kikristu? Mwawatia watoto uchungu bure." Sisi twajibu kwa katekisimu yenyewe. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo ya huruma, wala haikuandikwa ya kwamba wazikwe wafu wema peke yao. Kichwa cha mtu, hata cha mwuza watu, si kitu cha kuwekwa kabatini na kupewa namba. Mtoto wa parokia anayepanda kutoka Lubanda kuelekea milima ya Lusinga ana haki ya kujua ni nini kilichotendeka pale, naye atakijua kwa vyovyote. Afadhali akisikie kwa mwalimu wake kuliko kwa mtu atakayemwambia ya kwamba Kanisa lilikificha.

Boma linageuka misioni

Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha fika upande huu wa ziwa kabla ya Storms. Mwaka 1880 walijenga Mulweba, katika nchi ya Masanze, kaskazini sana, na mwaka 1883 wakajenga Kibanga. Vituo hivyo viwili havikudumu. Mpala ilidumu, na asili yake ni hii: Leopold II alipokwisha pata Kongo mikononi mwake, hakuona tena haja ya vituo vya ziwani, akavitoa kwa Kardinali Lavigerie, mkuu wa Mapadri Weupe. Mwezi wa Julai 1885 Padri Isaac Moinet alipokea boma la Mpala kutoka kwa Storms. Alipokea nyumba, alipokea mashamba, alipokea askari. Tena alipokea na kazi ya kuamua mashauri, maana watu wa vijiji vya jirani walimhesabu Storms kuwa mtawala, na sasa Padri alikaa katika kiti chake.

Kardinali Lavigerie alikuwa na mawazo makubwa. Alitumaini ya kwamba hapo Tanganika patazaliwa ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, wenye mfalme wake na askari wake, utakaowafukuza wachukuzi wa watumwa. Ufalme huo haukuzaliwa. Serikali ya Kongo ilipopata nguvu ilitwaa hukumu na kodi, na mapadri wakarudi katika kazi yao. Twaamini ya kwamba hiyo ilikuwa heri kwa mapadri wenyewe. Mtu yule yule akiwa baba wa roho, hakimu na mkuu wa askari, ni nani atakayethubutu kumwambia amekosa?

Lakini msomaji asifanye haraka kuhukumu. Miaka ile misafara ya watumwa ilipita katika nchi hii ikielekea Ujiji, ikiwa na watu wa Manyema, wa Urua na wa Marungu wenyewe. Mapadri walinunua watoto katika misafara, nao waliwaita waliokombolewa. Watoto hao walilelewa katika nyumba za misioni, wakafundishwa dini, kilimo na kazi ya mikono. Walipokua walioana, wakapewa nyumba katika vijiji vya Wakristu kando ya kanisa. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Maisha yao yalitawaliwa na kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya kulala. Haukuwa uhuru kama tunavyousema leo, maana hawakuweza kwenda wapendako. Lakini mtoto aliyefungwa shingoni jana, leo akalala bila mnyororo, hakuhitaji mtu wa kumweleza tofauti.

Ukifika Mpala, basi, na ukitazama kuta za kale, fikiri kwanza habari ya watu hao. Udongo wa matofali ni wao waliokanyaga. Maji yalipandishwa kutoka ziwani juu ya vichwa vya wanawake. Mbao zilishuka milimani mabegani mwa wanaume. Majina ya mapadri na mabruda waliosimamia kazi yameandikwa katika vitabu. Majina ya waliobeba, tuyatafute wapi? Sehemu yake imo katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ambavyo ndivyo urithi mkubwa wa parokia yo yote ya kale, kupita hata kengele na altare. Kitabu cha ubatizo ni karatasi. Kinaliwa na mchwa, na mvua moja inayopenya bati yatosha kukiua. Paroko aliye na vitabu vya namna hiyo na avipandishe mahali pakavu leo, wala asingojee fedha za kujenga nyumba ya makumbusho. Siku hizi hata kijana mwenye simu ya mkononi aweza kupiga picha kila ukurasa, na picha hizo zikawekwa mahali pawili au patatu.

Kuta nazo zina adui zao. Tarehe 5 Desemba 2005 nchi ilitetemeka chini ya ziwa, tetemeko kubwa la kipimo cha 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie na watu wakafa. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda hata maji yakaingia majumbani katika Kalemie na Uvira. Lakini adui wa tatu ni sisi wenyewe. Pahali pengi katika nchi yetu ukuta wa kale ukipata ufa, jirani huja na toroli kuchukua matofali ya kujengea jiko. Hatumlaumu sana maskini huyo. Hakuna mtu aliyemwambia ni ya nani.

Mrumbi ya Kapiteni Joubert

Kutoka Mpala twashuka kusini. Kandokando ya ziwa palikuwa na kijiji kilichoitwa Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi. Mgeni asitazamie kukuta mji hapo, kwani kijiji kiliachwa mwaka 1910 kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Aombe mzee wa jirani ampeleke, akae chini ya mti, asimuliwe.

Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Alikuwa askari wa Baba Mtakatifu, akapigana na kujeruhiwa katika vita vya Italia, hata mji wa Roma ulipotwaliwa mwaka 1870 na jeshi lake likavunjwa. Miaka kumi baadaye alijitoa kwa Kardinali Lavigerie. Alifika Mpala mwezi wa Machi 1887 ili awalinde watu wa misioni. Hakuwa padri wala hakuwa bruda, alikuwa Mkristu wa kawaida mwenye bunduki na rozari. Mwaka 1888 alimwoa Agnesi Atakaye, msichana mweusi wa misioni, katika ndoa takatifu mbele ya watu wote. Tukumbuke miaka ile ilikuwaje. Wazungu wengi waliishi na wanawake wa nchi, lakini walipokwenda kwao waliwaacha kama vile mtu anavyoacha kitanda cha safari. Joubert alikaa. Wawili katika watoto wake wakawa mapadri.

Akiwa Mrumbi alifundisha vijana kutumia silaha na kulima, aliamua magomvi, aliwatibu wagonjwa. Watu wa Rumaliza, tajiri mkubwa wa Ujiji, walimshambulia mara nyingi, na kwa muda alikaa pasipo baruti ya kutosha wala habari kutoka Ulaya. Msaada ulimfikia mwaka 1891, Kapiteni Jacques alipokuja na watu wake. Huyu ndiye aliyejenga boma la Albertville mwishoni mwa mwaka huo. Vita vilipokwisha, Serikali haikumhitaji tena Joubert, naye hakuihitaji Serikali. Kijiji cha Mrumbi kilipoachwa, alihamia upande wa Moba, akaendelea kufundisha katekisimu. Alikufa tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85. Katika miaka 40 tangu alipofika Mpala, Ulaya hakurudi kukaa.

Kirungu juu ya mlima

Ukiteremka katika bandari ya Moba, inua macho. Barabara yapanda kutoka ziwani mpaka Kirungu, na hewa yabadilika njiani: joto la ukingoni labaki nyuma, upepo wa uwanda wa juu wakupokea. Mwaka 1893 Padri Victor Roelens, Mbelgiji kutoka Ardooie, alichagua mahali hapo kujenga misioni mpya. Akaiita Baudouinville, kwa kumbukumbu la Prinsi Baudouin wa Ubelgiji aliyekufa kijana mwaka 1891. Watu wa Kibanga, waliokuwa wakimalizwa na magonjwa, walihamishiwa huko. Roelens alipewa uaskofu mwaka 1896, akawa askofu wa kwanza wa Kongo ya wakati wa Wabelgiji, akaongoza mpaka mwaka 1941, akafa huko huko tarehe 5 Agosti 1947.

Mwenye kutaka kujua misioni ya zamani ilikuwa kitu gani, atembee Kirungu bila haraka. Kanisa kubwa la matofali lasimama kati. Lakini asiishie hapo. Misioni ilikuwa na nyumba ya masista, seminari, shule, hospitali, matanuri ya matofali, karakana za useremala, mashamba na mifereji ya maji. Kila kitu kilifanywa papo hapo, kwani mzigo wa Ulaya ulichukua miezi mingi njiani. Mafundi wengi wa nchi hii walijifunza randa na mwiko wa mwashi katika karakana za misioni, na mtaalamu wa leo akipiga magoti kutazama jinsi matofali yalivyofungwa pembeni, ataondoka na heshima.

Monsenyeri Roelens hakuwa mtu wa maneno laini. Alikuwa mkali kwa mapadri wake, mkali kwa Serikali, mkali zaidi kwa watu wa vijiji vyake. Wazee walikumbuka kazi nyingi na adhabu. Lakini katika jambo moja aliona mbali kuliko wengi wa wakati wake. Wazungu wengi, na mapadri wengine wakiwemo, walisema ya kwamba mtu mweusi hawezi kuwa padri, labda baada ya vizazi vingi. Roelens alifungua seminari Mpala mnamo mwaka 1899. Alipochekwa, alinyamaza, akangoja miaka 18.

Lusaka, nchi ya Padri Kaoze

Stefano Kaoze alizaliwa mnamo mwaka 1886 katika nchi ya Marungu, katika jamaa ya kisultani. Alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza wa seminari ile. Wenzake waliacha, mmoja mmoja. Wengine walioa, wengine walikufa. Yeye alisoma Kilatini, falsafa na teolojia, na mwaka 1910, akiwa angali mwanafunzi, maandishi yake juu ya fikira za watu wa Kibantu yalianza kutolewa katika gazeti moja la Kibelgiji. Tarehe 21 Julai 1917 Monsenyeri Roelens alimpa upadri huko Baudouinville. Twajaribu kuwaza siku ile: watu waliokombolewa katika minyororo wakiwa watoto, sasa wazee wenye mvi, wamepiga magoti kupokea baraka ya kwanza mikononi mwa padri mweusi kama wao.

Mwaka 1920 alisafiri Ulaya pamoja na askofu wake. Baadaye alipewa misioni ya Lusaka katika milima. Lusaka hii si mji mkuu wa Zambia. Wanafunzi wasipotee katika ramani. Ni parokia ya mlimani, mbali na ziwa, na njia yake yamtaka msafiri mwenye miguu au pikipiki madhubuti. Baada ya vita kuu ya pili aliitwa kukaa katika baraza la Serikali ya koloni, Mkongo wa kwanza kupewa kiti hicho. Alikufa mwaka 1951.

Katika mambo yake yote, sisi twapenda hasa hili: alipokuwa padri alikusanya habari za koo za watu wake, nani alitoka wapi, nani alimtangulia nani milimani, sultani gani alimrithi sultani gani. Hakuona ya kwamba kanzu nyeupe yamkataza kujua mababu zake. Vijana wa parokia wanaoogopa kuwauliza wazee habari za kale, wakidhani ni upagani, na wamtazame yeye. Kule milimani kuna vilima, chemchemi na makaburi ya masultani ambayo kila moja lina jina na hadithi yake. Nayo pia ni urithi wa parokia, sawasawa na mnara wa kanisa.

Maneno machache kwa wasafiri

Afikaye parokiani aanze kwa paroko na mkubwa wa kijiji, ajitambulishe, aseme anataka kuona nini. Asiingie makaburini na kamera mbele kabla ya salamu. Mwalimu anayechukua wanafunzi awagawie kazi: wawili waandike majina yaliyo juu ya makaburi, wawili wapime urefu na upana wa kanisa, wawili wamketishe bibi mmoja na kumwuliza mama yake alizaliwa wapi na alifikaje hapo. Swali hili la mwisho ndilo litakaloleta mavuno. Wengi wataanza kwa kusema, "Sijui kitu," kisha watazungumza mpaka jua lishuke. Wengine wamepitia mengi: vita vya Moba vya mwaka 1984 na 1985, vita vya mwaka 1998, ukimbizi wa Zambia na Tanzania. Akinyamaza, asilazimishwe. Na wapelekewe zawadi ndogo, sukari, chumvi au sabuni. Mtu hanywi habari za mzee bure.

Matofali, misumari ya kale na shanga zinazookotwa ardhini ziachwe pale pale. Aliyekwisha kuona habari ya Lusinga hapo juu haitaji kuelezwa kwa nini.

Ng'ambo, kwa mwenye wiki moja zaidi

Aliye na karatasi za mpaka na siku za kutosha, avuke kwenda Karema, katika nchi ya Tanzania. Ndiko Storms alikotoka, na ndiko Kapiteni Cambier, Mbelgiji, alikojenga boma mwaka 1879. Alilijenga juu ya kilima, maji ya ziwa yakiwa karibu. Lakini ziwa lilikuwa limepasua njia yake ya kutokea, mto Lukuga, huko Kalemie, likaanza kushuka mwaka hata mwaka, na boma likabaki nyuma katika nchi kavu, likitazama bandari iliyokwenda zake. Karema nayo ilitolewa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na boma likawa misioni, kama Mpala.

Waulize wenyeji wakuonyeshe kaburi la Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi ya mto Niger, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na mapadri, akapelekwa Algeria, kisha Malta kusomea uganga. Aliletwa Karema akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa hapo, akatibu watu wa ukingo huo zaidi ya miaka 60, akafundisha dini, akafa mwaka 1956. Mtoto wake akawa padri. Watu wa pande zote za ziwa walimjua, na wagonjwa walisafiri kwa mitumbwi ili wamwone. Siku ikiwa njema, kutoka karibu na kaburi lake milima ya Marungu yaonekana magharibi, ng'ambo ya maji, na chini yake ndipo Mpala ilipo.